Misingi Saba ya Ushirika: Tathmini ya Mtu Aliyeitumia kwa Miaka Mingi

Karatasi ninayoitathmini hapa haijazi hata kurasa mbili. Inaitwa Taarifa ya Utambulisho wa Ushirika, na ilipitishwa na Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika mjini Manchester mwaka 1995, wakati shirikisho hilo likitimiza miaka mia moja tangu lilipoanzishwa London. Ndani yake mna fasili moja, orodha fupi ya tunu, na misingi saba ambayo kila chama kinachojiita cha ushirika hutarajiwa kuifuata. Nimeitumia nikiwa mwanachama wa kawaida, kisha nikiwa mjumbe wa bodi ya chama cha akiba na mikopo, na sasa naitumia ninapowafundisha wanachama wapya. Kwa hiyo naikagua kama mwashi anavyoikagua timazi yake: je, inaonyesha wima wa kweli, inapotoka wapi, na je, inahitaji kutupwa, kurekebishwa au kuongezewa uzito tu?

Nianze na fasili, kwa sababu ndiyo sehemu iliyotengenezwa vizuri kuliko zote. Inasema kwamba ushirika ni muungano huru wa watu waliojiunga kwa hiari ili kutimiza mahitaji na matarajio yao ya pamoja ya kiuchumi, kijamii na kiutamaduni, kupitia shughuli wanayoimiliki kwa pamoja na kuidhibiti kidemokrasia. Kila neno hapo linabeba mzigo wake. Ukiondoa "huru" unabaki na idara ya serikali, ukiondoa "hiari" unabaki na makato ya lazima, ukiondoa "wanayoimiliki" unabaki na klabu ya wateja, na ukiondoa "kuidhibiti" unabaki na kampuni yenye wanahisa wengi waliolala. Nimeshuhudia fasili hii ikimaliza ubishi wa saa mbili kuhusu kama kikundi fulani kilistahili kuitwa ushirika, na haikuhitaji mwanasheria. Si ajabu kwamba Shirika la Kazi Duniani, lilipotoa Pendekezo namba 193 mwaka 2002 kuhusu kukuza vyama vya ushirika, liliichukua fasili hiyo pamoja na misingi yake.

Misingi yenyewe si mipya. Hili ni toleo la tatu lililoidhinishwa na shirikisho, na nyuma ya matoleo yote liko duka lililofunguliwa na wafumaji na mafundi wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, mwezi Desemba 1844. Waasisi hao, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa 28, hawakuandika falsafa. Waliandika masharti ya duka: kuuza kwa fedha taslimu tu, kupima kwa uzani kamili, kutochanganya bidhaa na takataka, na kurudisha ziada kwa kila mtu kulingana na manunuzi yake. Toleo la kwanza la shirikisho, la Paris mwaka 1937, lilikuwa na misingi saba na lilijua kutenganisha mbivu na mbichi, kwani minne ilihesabiwa kuwa ya lazima kwa chama kinachotaka kutambuliwa, na mitatu iliyobaki, yaani kutofungamana na siasa wala dini, biashara ya taslimu na elimu, ikaachwa bila ulazima huo. Toleo la Vienna la mwaka 1966 liliiacha biashara ya taslimu, likaacha pia kuhesabu kutofungamana kuwa msingi wa peke yake, likaingiza ushirikiano baina ya vyama, na kubaki na misingi sita. Toleo la Manchester likaongeza uhuru na kujitegemea pamoja na kuijali jamii, likaiunganisha miwili ya fedha kuwa mmoja, na misingi ikawa saba tena. Ukihesabu utaona kwamba kati ya Paris na Vienna ni miaka 29, na kati ya Vienna na Manchester ni miaka 29 vilevile. Sidhani kama kuna mtu aliyepanga iwe hivyo, lakini kongamano la Seoul la Desemba 2021, lililochukua utambulisho wa ushirika kuwa mada yake kuu na kufungua mjadala wa kuyapitia upya maneno ya 1995, lilikuja wakati ambao mtu angelitarajia.

Historia hiyo ina jambo ambalo watumiaji wengi hawalioni. Ukishuka kutoka Rochdale hadi Manchester, maneno yanazidi kuwa mazuri na namba zinazidi kupungua. Watu wa Rochdale, katika miaka ya 1850, walitenga asilimia 2.5 ya faida kwa ajili ya elimu, wakaitumia kwa maktaba na chumba cha kusomea. Toleo la 1995 linasema katika msingi wa tano kwamba vyama hutoa elimu na mafunzo kwa wanachama, viongozi waliochaguliwa, mameneja na wafanyakazi, lakini halisemi kwa kiasi gani, wala halitaji fungu la fedha. Nimekaa katika vikao vya bajeti ambavyo fungu la elimu lilikuwa la kwanza kukatwa kila mwaka, na hakuna aliyeweza kusema kwamba tumevunja msingi wowote, maana semina moja ya nusu siku ilitosha kutuweka ndani ya mstari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na msingi usio na kipimo hupotea vivyo hivyo, kimyakimya, huku jina lake likiendelea kusomwa mwanzoni mwa kila mkutano.

Msingi wa kwanza, wa uanachama wa hiari na ulio wazi kwa wote, unafanya kazi yake. Unaufungua mlango kwa kila anayeweza kutumia huduma za chama na aliye tayari kubeba wajibu, bila kubagua jinsia, hali ya kijamii, rangi, siasa wala dini. Desturi hii ina mizizi ya kweli: mwanamke wa kwanza kuandikishwa Rochdale, Eliza Brierley, aliingia mwaka 1846, wakati ambapo sheria ya Uingereza ilikuwa bado haimruhusu mwanamke aliyeolewa kumiliki mali kwa jina lake. Ulemavu na umri havikutajwa katika orodha ya 1995, na ningependa vitajwe, lakini hiyo ni kazi ya kalamu ya dakika moja.

Msingi wa pili ndio unaojulikana zaidi: mwanachama mmoja, kura moja. Hapa timazi imenyooka, hata mwenye hisa nyingi anakuta kura yake ina uzito uleule wa kura ya jirani yake. Udhaifu umo katika maneno yanayotangulia, yanayosema kwamba wanachama hushiriki kikamilifu katika kuweka sera na kufanya maamuzi. Yameandikwa kana kwamba ushiriki ni jambo lililokwisha kutokea, ilhali kila aliyewahi kuwa katibu anajua jinsi akidi inavyosakwa kwa simu asubuhi ya mkutano. Katika chama chetu tuliwahi kupitisha makisio ya mwaka mzima mbele ya viti vingi vitupu, na wengi wa waliokuwapo walikuwa wajumbe wa bodi, wajumbe wa kamati na jamaa zao. Kura zilikuwa sawa kabisa, na uamuzi ulikuwa wa watu wachache kabisa. Siku hizi mikutano ya mtandaoni imeongeza idadi ya wanaohudhuria, jambo jema, lakini imeleta tatizo jipya: mwenye kidhibiti cha kipaza sauti ndiye anayeamua nani asikike, na mjumbe anayeuliza maswali magumu anaweza kunyamazishwa kwa kubonyeza kitufe, kisha ikaelezwa kwamba mtandao ulikuwa dhaifu. Toleo lijalo haliwezi kuendelea kuzungumzia demokrasia kana kwamba watu wote bado wanakutana ukumbini.

Sasa nifike kwenye msingi wa tatu, ambao ndio ulionifanya niandike tathmini hii. Unahusu ushiriki wa wanachama kiuchumi, yaani fedha: mtaji unatoka wapi, nani ana mamlaka juu yake, na ziada inakwenda wapi. Ni mrefu kuliko yote, na maneno yake yamelegezwa kuliko ya mingine yote. Unasema kwamba angalau sehemu ya mtaji "kwa kawaida" ni mali ya pamoja ya chama, kwamba wanachama "kwa kawaida" hupata malipo yenye ukomo, kama yapo, kwa mtaji waliouchangia kama sharti la uanachama, na kwamba ziada hutengwa kwa ajili ya kukuza chama, "pengine" kwa kuweka akiba ambayo angalau sehemu yake isigawanyike. Kisha inaruhusiwa kugawiwa wanachama kulingana na miamala yao, na kugharamia shughuli nyingine walizoziridhia.

Katika mkutano mkuu mmoja mwanachama alisimama, mtu mwerevu na mchangiaji mzuri wa akiba, akasema: "Ndugu Mwenyekiti, thamani ya jengo la chama imepanda sana. Tukiliuza tukagawana, kila mmoja wetu atapata zaidi kuliko alivyoweka tangu ajiunge. Naomba nionyeshwe msingi unaotukataza." Nilikuwa nimeishika karatasi mkononi, nikaombwa nisome msingi wa tatu kwa sauti. Nilipofika penye "kwa kawaida" mara ya pili, yule bwana alicheka akasema, "Basi leo si siku ya kawaida." Ukumbi mzima ulicheka naye, na mimi pia, ingawa kwa shingo upande, kwa sababu alikuwa na haki. Kilichotuokoa siku hiyo hakikuwa misingi ya ushirika hata kidogo. Ilikuwa ibara moja fupi katika masharti ya chama, iliyowekwa na waasisi ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kufariki, isemayo kwamba mfuko wa akiba na mali zilizonunuliwa nao hazitagawanywa miongoni mwa wanachama wakati wowote.

Tatizo hilo halikuwa la chama chetu peke yake. Vyama vya ujenzi wa nyumba vya Uingereza, ambavyo ni binamu wa ushirika kwa kuwa vilimilikiwa na wateja wake, viliruhusiwa na sheria ya mwaka 1986 kujigeuza kuwa kampuni zenye hisa. Abbey National ilitangulia mwaka 1989, na wengine wengi wakafuata, hasa mwaka 1997. Wanachama walipewa hisa au fedha kwa kupiga kura ya ndiyo, na watu wakaanza kufungua akaunti ndogo hapa na pale kwa kuvizia ugawaji unaofuata. Akiba iliyojengwa na vizazi kadhaa iligawiwa kizazi kimoja. Northern Rock, iliyojigeuza mwaka 1997, ilishuhudia foleni za wateja wakitoa fedha zao mwaka 2007, na mwaka uliofuata ikachukuliwa na serikali. Hakuna hata kimoja kati ya vyama vilivyojigeuza kilichobaki kikijisimamia kama benki huru. Kura zilipigwa kidemokrasia, hivyo msingi wa pili haukuvunjwa; kilichokosekana ni kizuizi juu ya mali.

Ukitaka kuona jinsi kizuizi hicho kinavyoweza kuandikwa, itazame Italia. Sheria ya huko ya mwaka 1992 inavitaka vyama vya ushirika kutoa asilimia 3 ya faida ya kila mwaka kwa mifuko ya pamoja ya kukuza ushirika, na chama kikivunjwa, mali inayobaki baada ya kulipa madeni na kurudisha hisa huenda kwenye mifuko hiyo badala ya kwenda mifukoni mwa waliobahatika kuwa wanachama wa mwisho. Kwa hatua moja tu msingi wa tatu umepata meno, na msingi wa sita, wa ushirikiano baina ya vyama, ambao kwingineko hubaki kuwa hotuba za siku ya maadhimisho, umepata fedha. Mtu atasema kwamba hiyo ni kazi ya sheria na wala si kazi ya misingi. Nakubali nusu yake. Sheria huandikwa na wabunge wanaotafuta mahali pa kuegemea, na wakikuta "pengine" katika andiko la kimataifa, wataandika "pengine" katika sheria yao.

Kuna mhasibu mmoja aliyenisaidia kuelewa ubaya mwingine wa ulegevu huu. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 32, hisa ambazo mwanachama anaweza kudai arudishiwe huhesabiwa kuwa deni la chama, isipokuwa chama kina haki isiyo na masharti ya kukataa kuzirudisha. Ufafanuzi wa hesabu za vyama vya ushirika ulitolewa mwaka 2004. Maana yake ni kwamba chama chenye hisa nyingi na akiba ndogo isiyogawanyika kinaweza kuonekana mbele ya mkopeshaji kana kwamba hakina mtaji wake chenyewe. Hapo ndipo bodi huanza kutafuta fedha nje, na msingi wa nne unaitwa kazini.

Msingi huo wa nne, wa uhuru na kujitegemea, uliingizwa mwaka 1995 kwa sababu zilizoeleweka: katika nchi nyingi serikali zilikuwa zimevigeuza vyama kuwa matawi yao, zikiteua mameneja na kupanga bei. Unasema kwamba chama kikiingia mikataba na wengine, serikali zikiwamo, au kikitafuta mtaji nje, kifanye hivyo kwa masharti yanayolinda udhibiti wa wanachama. Umeandikwa kwa busara, na nimewahi kuutumia kukataa mkopo ambao mtoaji wake alitaka kiti katika bodi. Lakini hali imesonga mbele. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 kuhusu ushirika unaovuka mipaka inaruhusu wanachama wawekezaji wasiotumia huduma za chama, mradi kura zao zote zisizidi asilimia 25. Baadhi ya wanaushirika wanaona huo ni uasi. Mimi naona ni kipimo, na kipimo kilichoandikwa kinaweza kupingwa, kupunguzwa au kulindwa, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa neno "uhuru" likiwa peke yake.

Kasoro inayonisumbua zaidi baada ya ile ya fedha ni ukimya kuhusu watu wanaofanya kazi chamani. Ukiisoma misingi yote saba, utakuta wafanyakazi wametajwa mara moja tu, katika msingi wa tano, kama watu wa kufundishwa. Hakuna panaposemwa kuhusu ujira wao, usalama wao au sauti yao. Vyama vya Mondragon, katika nchi ya Wabasque kaskazini mwa Hispania, vilipoandika misingi yao kumi mwaka 1987 viliona pengo hilo na kuliziba: viliweka ukuu wa kazi, hali ya mtaji kuwa chombo tu, na mshikamano wa mishahara. Havikuwa salama kwa sababu hiyo, kwani kiwanda chao cha vyombo vya umeme, Fagor, kilianguka mwaka 2013, lakini angalau vilijua mizani yao ina upande wa mfanyakazi. Chama cha akiba kinachomlipa karani wake kwa kuchelewa huku kikigawa gawio nono kwa wanachama kinaweza kupita mtihani wa misingi ya 1995 bila doa, na hilo halikubaliki.

Kuhusu msingi wa saba, wa kuijali jamii, sina maneno mengi. Unataja maendeleo endelevu kupitia sera zilizoridhiwa na wanachama. Wapo wanaotaka mazingira yapewe msingi wake, wapo wanaotaka wa nane kuhusu usawa na ujumuishi. Nayaheshimu makusudio yao, lakini nimefundisha vya kutosha kujua kwamba wanachama huikumbuka mitatu kati ya saba. Orodha ikifika tisa, watakumbuka mitatu ileile.

Jambo ambalo lingestahili maneno mapya kabisa ni taarifa za wanachama. Rochdale ziada ilirudishwa kulingana na manunuzi kwa sababu manunuzi ndiyo yaliyoizalisha. Leo kila muamala unaacha alama: nani alikopa, alirejesha lini, anatumia nini na kwa saa ngapi, na alama hizo zikikusanywa zina thamani inayoweza kuuzwa. Vyama vinavyoendeshwa kwa programu za simu, ambavyo tangu mwaka 2014 vimekuwa na harakati yao ya ushirika wa majukwaa, vinalazimika kujiuliza kama taarifa hizo ni mali ya pamoja kama lilivyo jengo, au ni mali ya kila mwanachama kama zilivyo akiba zake. Msingi wa tatu unazungumzia mtaji tu, na msingi wa tano unaitumia habari kwa maana ya kuwaelimisha watu. Chama kimoja nilichokifahamu kilitia saini mkataba na mtoa programu bila mwanachama yeyote kuulizwa, na hakuna msingi uliotajwa kikaoni kwa sababu hakuna unaogusa jambo hilo waziwazi.

Maelezo ya mwongozo yaliyotolewa na shirikisho mwaka 2015 yanasaidia. Yanaufafanua kila msingi kwa kirefu na kwa uaminifu, na mtu anayeanzisha chama asiridhike na ile karatasi fupi bila kuyapitia, hasa sura ya msingi wa tatu. Hata hivyo ni maelezo, na mwanachama anayetaka jengo liuzwe hatasomewa maelezo, atadai asomewe msingi. Kwa fasili na msingi wa pili naipa Taarifa hii alama za juu, kwa msingi wa tatu naipa alama za kuponea chupuchupu, na kama wanaoipitia upya wangeniuliza, ningewaomba wafute neno moja tu, "pengine", kabla hawajaongeza lolote.

Siku hizi ninapoanza darasa la wanachama wapya huwapa karatasi mbili. Ya kwanza ni ile ya 1995. Ya pili ina mistari mitatu ya kujaza: ni sehemu gani ya ziada ya chama chenu isiyogawanyika, ni kiasi gani kinatengwa kwa elimu, na mali itakwenda wapi chama kikivunjwa. Huwaomba waende kuyatafuta majibu katika masharti ya vyama vyao na kuirudisha wiki inayofuata. Mstari wa pili hujazwa na wachache. Wa tatu, mara nyingi, hurudi mtupu.